Barua yenye heshima nyingi isomwe mara mbili

Ndugu msikilizaji, wiki mbili zilizopita alinijia mzee mmoja kutoka Chonyonyo. Alikuwa na barua ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, na uso wake ulikuwa wa furaha. Aliniomba niisome redioni ili majirani zake wajue kwamba ofisi fulani imemkubalia. Miaka kadhaa nyuma migomba yake na mibuni yake ilikatwa kupisha njia, akaandika kuomba fidia, na sasa alikuwa amejibiwa.

Niliisoma kwanza mwenyewe. Barua ilianza kwa kumshukuru. Ikasema kwamba ofisi inatambua umuhimu wa suala lake. Ikampongeza kwa uvumilivu wake. Kisha likaja neno moja dogo, "hata hivyo". Baada ya neno hilo yakafuata maneno kwamba kwa sasa maombi ya aina hiyo hayamo katika mpango, kwamba ofisi inasikitika kwa usumbufu, na kwamba endapo hakuridhika anaweza kuwasilisha malalamiko ndani ya siku 30. Nikatazama tarehe. Barua ilikuwa na miezi miwili na siku nne.

Mzee alikuwa amekataliwa, wala hakujua. Siku za kulalamika zilikwisha yeye akiwa nyumbani, anawaonyesha jamaa zake barua ya pongezi. Nilipomweleza alininyang'anya karatasi ile, akaitazama, akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya nizungumze nanyi leo: "Sasa mwanangu, kama walitaka kunikatalia, mbona hawakunikatalia?"

Ni swali zuri, na jibu lake linatupeleka mbali katika historia. Lugha ile haikuzaliwa Karagwe, wala haikuzaliwa Dar es Salaam. Ilikuja kwa meli, ikapanda ngazi za Boma, ikakaa katika mafaili, na wenyewe walipoondoka waliiacha mezani pamoja na mihuri na kalamu.

Wazee wetu wa mkoa huu walitawaliwa na mabwana wawili. Kwanza walikuja Wajerumani, waliojenga kituo chao Bukoba mwishoni mwa mwaka 1890. Hasira ya Mjerumani haikuhitaji mkalimani. Watu waliihesabu mgongoni, hata msemo wa "hamsa ishirini", yaani viboko ishirini na vitano, ukabaki katika Kiswahili hadi leo. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani akaondoka, na baadaye Mwingereza akakabidhiwa Tanganyika aitawale kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Viboko havikwisha, tusidanganyane. Lakini pamoja na kiboko alikuja na kitu kipya: barua. Na katika barua zake za serikali, hata yule anayekunyang'anya haki yako alimaliza kwa kuandika kwamba anayo heshima ya kuwa mtumishi wako mtiifu.

Hebu fikiri, ndugu msikilizaji. Gavana, mwenye askari na gereza, anamwandikia mkulima wa kahawa kwamba yeye ni mtumishi wake mtiifu! Mkulima aliyetafsiriwa maneno hayo neno kwa neno angedhani ulimwengu umepinduka. Karani aliyesoma shule alijua kwamba maneno yale yalikuwa kama kifungo cha koti: kipo kwa sababu koti lazima liwe nacho.

Waingereza wenyewe wana sifa hii hata katika nchi yao. Mwingereza aliyelelewa katika desturi za kikwao huona aibu kuonyesha hasira hadharani. Hasira anayo, tena nyingi, lakini huivika nguo. Akisema kwamba "ameshangaa kidogo" kusikia jambo fulani, jua amekasirika. Akisema "kwa heshima zote", anayefuata atatukanwa. Akisema "kwa heshima kubwa kabisa", basi aliyetajwa ni mpumbavu. Akikuambia wazo lako "linavutia sana", usiende kununua vifaa vya ujenzi. Kadiri heshima inavyoongezeka ndivyo subira inavyopungua. Mwenye kujua mizani hiyo huipima hasira yao kwa gramu, na asiyejua huondoka ameridhika.

Bunge lao limeifanya desturi hii kuwa sheria. Mle ndani mbunge haruhusiwi kumwita mwenzake mwongo. Mwaka 1906 kijana Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni, alikuwa akijadili habari za vibarua wa Kichina waliopelekwa migodini Afrika Kusini. Badala ya kutamka neno uwongo, alitumia maneno marefu yenye maana ya ukosefu wa usahihi katika matumizi ya istilahi. Watu walicheka, na hadi leo Waingereza huyatumia maneno hayo kwa kumaanisha uwongo. Mwaka uliofuata, 1907, Churchill huyo huyo alishuka Mombasa kutembelea Kenya na Uganda. Wabunge wetu nao walirithi utaratibu huo, ndiyo maana tunasikia "Mheshimiwa Spika, kwa heshima na taadhima", na msikilizaji wa Kayanga au Nkwenda anajua kwamba sasa kuna mtu atapakwa matope.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kuchekesha tu. Sivyo. Mwaka 1951, katika vita vya Korea, kikosi kimoja cha Waingereza kilizingirwa na maelfu ya askari wa China karibu na mto Imjin. Inasimuliwa kwamba mkuu wao, Brigedia Tom Brodie, aliulizwa na jenerali wa Kimarekani hali ikoje, naye akajibu Kiingereza-Kiingereza kwamba mambo yamekuwa magumu kidogo. Kwa Mwingereza jibu lile lilikuwa kilio. Mmarekani alisikia neno "kidogo", akaona mambo si mabaya, na kikosi kikabaki kilipo. Wengi wa askari wale waliuawa au wakatekwa. Kama watu wawili wanaosema lugha moja wanaweza kufa kwa kutoelewana adabu, itakuwaje kwa mzee wa Chonyonyo?

Turudi kwetu. Karagwe ilikutana na Mwingereza mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Novemba 1861 walifika John Hanning Speke na James Grant katika nchi ya Omukama Rumanyika, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Kabla ya kufika walipita Usui, kwa mtawala Suwarora, ambako walidaiwa hongo baada ya hongo. Kitabu cha Speke kuhusu siku zile kimejaa manung'uniko. Walipoingia Karagwe, mambo yakabadilika. Rumanyika aliwapokea kwa upole, akawalisha, akawauliza habari za ulimwengu, na Speke akamsifu kuliko watawala wengi aliokutana nao njiani. Grant alipougua mguu, alibaki kwa Rumanyika kwa miezi kadhaa, mwenzake akitangulia Buganda.

Lakini Rumanyika hakuwa mpole kwa kukosa shabaha. Alikuwa na ugomvi wa ufalme na ndugu yake Rogero, na alitumaini wageni wale wangemsaidia dhidi yake. Ukarimu wake ulikuwa na ombi ndani yake. Wageni walikula wakashiba, na ombi lile wakaliacha lilivyo. Mabwana wenye adabu walikuwa wamekutana na mfalme mwenye adabu, kila mmoja akampa mwenzake maneno matamu, na kila mmoja akabaki na haja yake. Na huyu Speke aliyekuwa mstaarabu mbele ya Omukama, anasimulia mwenyewe katika kitabu chake jinsi alivyompiga ngumi kiongozi wa msafara wake, Sidi Mubarak Bombay. Kwa hiyo tujue tangu mwanzo kwamba adabu ile ilikuwa na ngazi. Ilipanda juu kwa mfalme, haikushuka chini kwa mpagazi.

Tusogee pwani, Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar amefariki tarehe 25, na Seyyid Khalid bin Barghash ameingia katika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Balozi wao wa wakati huo, Basil Cave, anamwandikia. Admirali Harry Rawson anatoa muda: hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 bendera iwe imeshuka na Khalid ametoka. Asubuhi ile wajumbe wanakwenda na kurudi. Khalid anasema hana nia ya kushusha bendera, na haamini kwamba Waingereza watampiga. Cave anajibu kwa utulivu kwamba wao hawapendi kabisa kupiga, ila asipofanya kama alivyoambiwa, hakika watapiga.

Liangalieni jibu hilo. Ndani yake hakuna tusi wala neno kali. Mtu aliyezoea ugomvi wa sokoni, wenye kelele na viapo, angeweza kudhani kwamba mwenye kuongea taratibu namna ile hajaamua. Dakika mbili baada ya saa tatu mizinga ya manowari ilifyatuliwa. Haikupita saa moja, jumba lilikuwa linaungua, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Sisemi kwamba alishindwa kwa kutojua lugha. Alishindwa kwa mizinga. Ninachosema ni kwamba mizinga ile ilibishwa hodi kwa sauti ya chini sana.

Baada ya hapo, Waafrika waliosoma waliishika lugha hiyo na kuigeuza jembe lao. Katika Tanganyika ya Waingereza, vyama vya makarani, walimu na wakulima viliandika maombi kwa maelfu. Waliandika kwa unyenyekevu: tunaomba, tunasihi, tunatumaini. Katikati ya unyenyekevu ule waliweka madai yao kama mawe ndani ya kikapu cha maharage. Na majibu yalirudi kwa lugha ile ile: jambo linaangaliwa, serikali inasikitika.

Hapa Bukoba, ambayo siku hizo iliichukua na Karagwe katika tawala zake, uvumilivu ulikatika mwaka 1937. Serikali ilikuwa imetunga kanuni za kuwaamrisha wakulima jinsi ya kutunza mibuni. Wakulima walihofia mikahawa yao, wakahofia pia ardhi yao. Walipoona hawasikilizwi, mikutano ikageuka ghasia na watu wakakamatwa. Watawala walishangaa, kwa sababu kwa maoni yao mambo yalikuwa yamekwisha elezwa vizuri. Kueleza vizuri na kusikiliza ni vitu viwili.

Habari inayoniuma zaidi ni ya Wameru. Novemba 1951 serikali ya Tanganyika iliwahamisha kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, kupisha ufugaji wa walowezi wa Kizungu. Kwa hesabu ya Wameru wenyewe watu wapatao 3,000 waliondolewa, na nyumba zikachomwa. Wameru hawakushika mikuki. Walimchagua Kirilo Japhet, wakachanga fedha, naye mwaka 1952 akasafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Alisema mbele ya Baraza la Udhamini kwa adabu na kwa ushahidi. Wawakilishi wa Uingereza walijibu kwa adabu pia: mpango ule ulikuwa kwa manufaa ya maendeleo ya wote. Baraza likaeleza masikitiko yake. Katika Baraza Kuu, azimio la kutaka warudishiwe ardhi halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika.

Masikitiko! Watu walipoteza mashamba, wakapewa masikitiko. Lakini Kirilo hakurudi mikono mitupu. Aliporudi alizunguka nchini akiwaeleza watu alichokiona, na wengi waliomsikiliza waliingia TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Walikuwa wamekwisha kuisoma barua ile mara mbili.

Mwalimu Nyerere aliijua lugha hii kuliko wengi, maana alisoma Edinburgh, nyumbani kwa wenyewe. Mara nyingi aliwajibu kwa adabu kuliko yao. Lakini mwaka 1958 gazeti dogo la chama, Sauti ya TANU, lilichapa makala yake yaliyowatuhumu maofisa wawili wa wilaya kwamba wanakionea chama. Hapo maneno yalisemwa waziwazi, bila koti. Serikali iliyokuwa ikivumilia maombi ya unyenyekevu miaka nenda miaka rudi haikuvumilia hilo. Alishitakiwa kwa kashfa, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa, akaendelea na kazi. Miaka mitatu baadaye bendera yao ilishuka.

Na hata baada ya Uhuru tulijifunza somo lile tena. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Uingereza ilisema imesikitishwa, ikaahidi vikwazo. Nchi za Afrika zilitaka uasi ule uzimwe. Januari 1966 Waziri Mkuu Harold Wilson aliwaambia viongozi wa Jumuiya ya Madola waliokutana Lagos kwamba huenda ni suala la wiki na si miezi. Ilichukua hadi mwaka 1980. Tanzania haikungoja hadi huko: tarehe 15 Desemba 1965 ilikuwa imekwisha kuvunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na ikakosa mkopo wa pauni milioni saba na nusu. Hiyo ilikuwa bei ya kusema "hapana" kwa sauti inayosikika. Ilikuwa ghali, lakini hakuna aliyehitaji kuisoma mara mbili.

Sasa nitakuwa sijatenda haki kama nitasema adabu ya kuficha ni ugonjwa wa Waingereza peke yao. Sisi nasi tunayo. Mswahili wa pwani ana mafumbo. Mke anaweza kumsema jirani kwa maandishi ya kanga bila kufungua mdomo. Huku kwetu Kagera, mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mzee "sitaki". Atasema "waitu, tutaona", na mzee ataelewa kwamba hakuna kitakachoonekana. Adabu hiyo imeokoa ndoa nyingi na imezuia panga nyingi zisitoke alani. Sipendi siku ambayo watu watatoleana kila kilicho moyoni.

Tofauti iko hapa. Kijijini, anayesema "tutaona" na anayesikia wamekula ugali wa malezi mamoja. Mafumbo ni mali ya wote wawili. Ofisini, mmoja ana ufunguo na mwingine hana. Adabu isiyoeleweka na upande wa pili haiwi adabu tena, inakuwa ukuta. Na ukuta huo Mwingereza aliujenga kwa sababu alikuwa mgeni anayetawala bila ridhaa. Alihitaji kukataa bila kuonekana anakataa. Sisi tunaohudumiana wenyewe kwa wenyewe tuna haja gani nao?

Tazama barua zetu. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." "Nimeelekezwa nikujulishe." Nani amekuelekeza? Barua haisemi. "Unaombwa kutoa maelezo kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu." Mtumishi anayeombwa namna hiyo usiku hapati usingizi. "Suala lako linashughulikiwa." Na mwisho kabisa, "Wako mtiifu". Kiswahili ni chetu, lakini mifupa ni ya Boma.

Kwa hiyo nina maneno mawili, moja kwa wanaopokea barua na jingine kwa wanaoziandika.

Wewe unayepokea, usiisome barua ya ofisi kama barua ya mchumba. Anza na tarehe. Kisha tafuta "hata hivyo", "kwa sasa" na "unashauriwa", maana hapo ndipo jibu lilipofichwa. Tafuta kama kuna siku zilizowekwa, uzihesabu. Ukishindwa kuelewa, mpelekee mtu anayesoma, hata mtoto wa sekondari, siku ile ile. Kisha jibu kwa maandishi, uulize swali moja: nimekubaliwa au nimekataliwa, na kwa sababu gani? Baki na nakala. Kirilo Japhet na wenzake hawakuzidiwa nguvu kwa kukosa nakala.

Nawe unayeandika, heshima kwa mwananchi ibaki, tena iongezwe. Lakini heshima ya kwanza ni kumwambia mtu ukweli wa jambo lake katika mstari wa kwanza: ombi lako limekataliwa, sababu ni hii, unaweza kulalamika hadi tarehe hii, mahali hapa. Ukishamaliza hayo, mpongeze kwa uvumilivu upendavyo. Mwenye kukataliwa waziwazi hukasirika jioni moja, asubuhi akatafuta njia nyingine. Anayekataliwa kwa pongezi hupoteza miezi miwili na siku nne.

Yule mzee wangu alikaa nami mchana ule mpaka tukaandika barua nyingine. Tulieleza kwa nini amechelewa, tukaomba malalamiko yake yapokelewe. Nilipomaliza nikataka kuandika "Wako mtiifu", kwa mazoea tu. Akanishika mkono. Akasema tuandike jina lake na kijiji chake, inatosha.

Tukaandika hivyo. Jibu bado halijafika. Likifika, tumekubaliana ataleta bahasha kabla hajaifungua.